Bandari ya Kungojea Maji

Jumatano, 14 Mei

Leo bamvua. Nimeshuka basi Tomonoura jioni, nusu saa tu kutoka stesheni ya Fukuyama, nikakuta maji yamekupwa mpaka mwisho. Ngazi za mawe za bandarini ziko nje zote, za juu zimekauka, za chini zimevaa mwani. Wakati wa bamvua bahari hapa hupanda na kushuka karibu mita nne. Baharia wa zamani mwenye mzigo hakuweza kutegemea gati la kimo kimoja, kwa sababu adhuhuri chombo kingelingana nalo na jioni kingekuwa shimoni. Basi wakajenga ngazi ndefu zinazoufuata ukingo wote wa bandari, zinaitwa gangi, ili saa yoyote chombo kikija kipate daraja la kushukia.

Niandike habari ya maji kabla sijalala, maana bila hiyo mji huu haueleweki. Tomonoura uko karibu na katikati ya Bahari ya Ndani ya Seto, mkoa wa Hiroshima. Maji yakijaa huingia bahari hiyo kwa milango miwili, mlango wa Bungo upande wa magharibi na mlango wa Kii upande wa mashariki, na mikondo hiyo miwili hukutana hapa, mbele ya mji. Yakipwa, huachana hapa hapa. Kwa hiyo chombo kilichotoka magharibi kilisukumwa na maji ya kujaa hadi Tomo, na hapo msukumo ukaisha. Nahodha akatia nanga, akangoja maji yageuke, akaondoka na maji ya kupwa kuelekea Osaka. Aliyetoka mashariki alifanya vivyo hivyo kwa upande wake. Wajapani wenyewe wanaiita bandari ya kungojea maji.

Sisi tuliolelewa Unguja tumesikia tangu utotoni habari za kungojea upepo, majahazi yaliyokuja na kaskazi yakikaa bandarini hadi kusi ianze. Lakini ile ni miezi. Hapa watu walingoja saa chache, labda usiku mmoja, na mji mzima ukasimama juu ya saa hizo: nyumba za wageni, maghala, wahunzi wa nanga na misumari ya vyombo, watengeneza pombe, mahekalu. Kesho asubuhi natembea na kiongozi, mmoja wa wazee wa mji wanaojitolea kuongoza wageni. Nimekuja kusikiliza namna wenye mji wanavyojieleza. Darasani Hiroshima tumesoma sana juu ya kuhifadhi majengo, ila kidogo sana juu ya wanaoyasimulia.

Alhamisi, 15 Mei

Mzee kiongozi hana bendera wala kipaza sauti. Amevaa kofia ya kitambaa na viatu vya raba, mkononi ana faili la plastiki lenye picha za zamani. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia katika karakana ya vyuma hapa hapa Tomo. Ananiita Zuhura-san, mimi namwita mwalimu, na sioni jina jingine linalomfaa.

Tulikuwa kundi dogo, wengi wetu Wajapani kutoka Osaka. Kila mmoja alitaka kukimbilia mnara wa taa, joyato, maana ndio ulio kwenye mabango yote. Ni mzuri kweli: wa jiwe, wenye kijumba cha taa juu, uliojengwa mwaka 1859, na kwa karne na nusu haujaondoka mahali pake. Mzee akatupitisha bila kusimama. Akatupeleka kwenye gangi, akashuka daraja kadhaa, akapiga goti.

"Wekeni mkono hapa," akasema.

Nikaweka. Ukingo wa jiwe una mfereji mdogo, laini, unaoingia kidole. Jirani yake upo mwingine, na mwingine. Ni kamba. Kamba za vyombo zimekuwa zikisugua hapo, zikapanda na kushuka na maji mara mbili kila siku, kwa miaka na miaka, mpaka granaiti ikakubali. Yule bwana wa Osaka aliyekuwa na kamera kubwa aliishusha, akapitisha kidole gumba ndani ya mfereji taratibu, kisha akamwita mkewe aje naye aguse.

Hapo ndipo mzee akaanza kuhesabu vitu vitano ambavyo bandari kamili ya zama za Edo ilihitaji: taa, ngazi, vikuta vya kuzuia mawimbi, mahali pa kutengenezea vyombo, na banda la walinzi wa bandari. Bandari nyingi za Japani zimebakiwa na kimoja au viwili. Hapa viko vyote vitano pamoja, na hakuna pengine pa namna hii nchini. La walinzi limebaki msingi wake wa mawe, nyumba iliyo juu yake ni ya baadaye, na mzee alilisema hilo mwenyewe kabla hajaulizwa.

Kikuta alichokaa nacho muda mrefu ni kile kilichorefushwa mwaka 1811 na Kuraku Matsuemon. Huyu Matsuemon alikuwa mtu wa bahari kutoka Takasago. Kabla ya hapo, mnamo 1785, alikuwa amebuni kitambaa kinene cha pamba cha kushonea matanga. Matanga ya awali yalikuwa ya mikeka au ya vitambaa vyepesi vilivyounganishwa, yakichanika upesi, na la kwake likavifanya vyombo vya Japani viende mbali zaidi na kwa haraka zaidi. Mtu yule yule aliyeyapa majahazi mbio ndiye aliyekuja uzeeni kuyajengea mahali pa kupumzika. Alifariki mwaka uliofuata, 1812. Mawe ya kikuta yamepangwa bila saruji, na mzee akatuonyesha jinsi kila moja lilivyokatwa likae juu ya mabega ya mawili yaliyo chini yake, ili wimbi likipiga liyakaze badala ya kuyalegeza.

Jioni nimerudi peke yangu maji yakiwa yamekupwa, kutazama mahali pa kutengenezea vyombo, upande wa magharibi wa bandari. Mzee alinielekeza nije saa hiyo, kwa sababu sakafu yake ya mawe huonekana maji yakitoka tu. Chombo kiliingizwa bamvua, maji yakakupwa kikabaki kimekaa juu ya mawe. Wakawasha moto wa majani makavu chini ya tumbo lake, wakaliunguza kidogo kidogo kuua wadudu wanaotoboa mbao na kukausha unyevu. Kisha kalafati, kisha maji yakajaa tena yakakinyanyua chenyewe. Kazi yote ilipimwa kwa maji. Mafundi wa hapa walisifika hata majahazi ya kaskazini ya mbali, yale yaliyopeleka mbolea ya samaki na mwani mkavu wa kombu hadi Osaka, yalisubiri zamu yao hapa. Nikakumbuka harufu ya deheni kule Malindi, Unguja. Fundi wa huku na fundi wa kule wangeelewana bila mkalimani.

Ijumaa, 16 Mei

Asubuhi nzima katika hekalu la Fukuzenji, ukumbi wa Taichoro. Mikeka, nguzo, na upande mmoja ulio wazi wote kuelekea baharini. Unakaa chini, nguzo zinakukatia fremu, na ndani ya fremu kuna kisiwa kidogo cha Benten na pagoda yake, nyuma yake kisiwa cha Sensui chenye msitu. Ujumbe wa wafalme wa Korea uliokuja Japani zama za Edo, mara 12 kati ya 1607 na 1811, ulipita njia hii ya bahari, isipokuwa mara ya mwisho, na hapa ndipo wakubwa wake walipofikia. Mwaka 1711 mmoja wao, Yi Bang-eon, aliandika kwa brashi herufi sita kwamba mandhari hii ni ya kwanza katika nchi hii ya mashariki. Jina la ukumbi nalo limetoka kwa mjumbe mwingine wa Korea, mwaka 1748. Mwaka 2017 kumbukumbu za misafara ile ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, kwa ombi la pamoja la watu wa nchi zote mbili.

Mzee hakutuambia tufurahie mandhari. Alitueleza nini kiliandaliwa. Msafara mmoja ulikuwa na watu mia kadhaa, na mji huu mdogo ulitakiwa kuwalaza wote, kuwalisha, kuwapatia maji ya kunywa ya kutosha kwa safari. Nyumba za watu binafsi zilichukuliwa. Visima vilichimbwa. Watu wa Tomo wenyewe, alisema, hawakuketi hapa juu kutazama visiwa. Walikuwa chini wakibeba ndoo. Nimependa sana hilo. Mgeni akipewa sifa ya Yi peke yake anaondoka na picha. Akipewa na ndoo, anajua sifa ile ilibebwa na mabega ya nani.

Kisha habari ya samurai Sakamoto Ryoma, ambayo kila Mjapani katika kundi aliijua nusu. Usiku mmoja wa Mei 1867 meli ya moshi Iroha Maru, iliyokodiwa na kampuni ya Ryoma kutoka himaya ndogo ya Ozu, iligongana baharini na Meiko Maru ya himaya kubwa ya Kishu, iliyokuwa kubwa mara kadhaa kuliko yenyewe. Ikaburutwa kuletwa Tomo, ikazama njiani. Ryoma akafikia hapa kwa mfanyabiashara wa meli, akalala darini kwa kujificha na jina la bandia, kwani alikuwa akiwindwa. Mazungumzo yakafanyika mjini kwa siku kadhaa, pamoja na humu humu Taichoro, yakahamia Nagasaki. Mwisho Kishu ikakubali kulipa ryo 83,526, baadaye zikapunguzwa hadi 70,000. Sehemu ya dai ilikuwa thamani ya bunduki ambazo Ryoma alisema zimezama na meli. Kabla mwaka haujaisha akauawa Kyoto.

Mzee akafunga faili lake, akaongeza kwamba wapiga mbizi wameichunguza meli iliyozama, wakatoa vitu vingi, na bunduki hawakuzikuta. Ryoma ni kipenzi cha taifa, ana sanamu kila mahali, na mzee mwenyewe anampenda, inaonekana usoni. Hata hivyo hakulificha. Kijana mmoja alinung'unika. Mzee akamwambia, "Ukija nyumbani kwangu nitakupa chai na ukweli. Vitamu utanunua dukani."

Jumamosi, 17 Mei

Mvua. Matembezi mafupi, wageni wengi, miavuli imegongana vichochoroni.

Nyumba ya ukoo wa Ota, iliyokuwa ya watengenezaji wa homeishu, pombe tamu ya dawa iliyotiwa mimea na mizizi 16, inayotengenezwa hapa tangu 1659. Himaya ya Fukuyama iliwapa walioianzisha haki ya kuitengeneza peke yao, na fedha yao ndiyo iliyojenga kuta hizi nyeupe na vigae vya mchanganyiko mweusi na mweupe. Leo watengenezaji ni wanne. Mimi sinywi, lakini ghala lote linanukia mdalasini, karafuu na kitu kingine kichungu nisichokitambua, na nilisimama mlangoni kwa ajili ya karafuu tu. Mwaka 1863 waheshimiwa saba waliofukuzwa Kyoto katika ugomvi wa kisiasa walipumzika hapa.

Wengi leo walikuja kwa sababu ya Miyazaki Hayao. Alikaa Tomo kwa muda mwaka 2005, na filamu yake ya Ponyo ya 2008 inasemekana ilizaliwa kwenye mwamba mmoja wa hapa. Watoto waliuliza nyumba ya Ponyo iko wapi. Mzee aliwaonyesha mwamba, bila haraka, akawaacha watafute wenyewe.

Mchana nilikula nebuto, visamaki vidogo vya kukaanga vinavyoliwa na mifupa yake yote. Mwanamke aliyevikaanga anakaa kibandani kando ya barabara ya bandari, ndoo mbili miguuni, kisu kifupi. Anakata kichwa na kutoa matumbo kwa mkato mmoja wa kidole gumba, anatupa kwenye beseni, anachukua mwingine. Alizungumza nami muda wote bila kutazama mikono yake. Mumewe alikuwa mvuvi. Nilipomwambia natembea na mzee, akatabasamu kidogo, akasema, "Yeye ni mtu wa bandari. Mimi nilikuwa mtu wa daraja." Wateja wakaingia, hakuendelea.

Jumapili, 18 Mei

Wageni wamejaa kwa ajili ya uvuvi wa changu wekundu wa mwezi wa Mei, unaoonyeshwa mbele ya Sensui. Njia hii ya kuvua ina karibu miaka 380. Samaki hawa huingia Bahari ya Ndani majira ya kuchipua kutaga, na wavuvi wa Tomo waliwazungushia nyavu zinazovutwa na vyombo viwili, vikipishana mpaka kundi likabanwa katikati. Zamani ilikuwa riziki, sasa imekuwa maonyesho kwa sehemu kubwa, ingawa samaki ni wa kweli na walionunuliwa vikapuni leo wamepikwa leo. Wavuvi wa kila siku hapa wana boti ndogo za kukokota wavu chini na hawakuwepo kwenye ngoma. Walikuwa wamelala, wanatoka usiku.

Njiani kurudi mzee alinisimamisha kwenye jiwe la kumbukumbu la Otomo no Tabito. Mshairi huyu alipita Tomo na mkewe akienda kushika utawala wa Dazaifu, na mti mmoja wa bandarini wakautazama pamoja. Mke akafia huko. Mwaka 730 Tabito akarudi mji mkuu peke yake, chombo kikasimama tena Tomo kungojea maji, na mti ulikuwepo. Mashairi aliyotunga yamo katika Man'yoshu, diwani ya kale kuliko zote za Kijapani. Mzee alieleza hayo yote kwa sentensi tatu au nne, akanyamaza, akaendelea kutembea. Mke wa mzee mwenyewe naye amefariki. Hilo niliambiwa na wengine.

Jumatatu, 19 Mei

Wageni hakuna. Mzee ametembea na mimi peke yangu, na nikamuuliza habari ya daraja.

Hakushtuka. Alinipeleka kikutani akanyoosha mkono kutoka upande huu wa mdomo wa bandari hadi ule. "Hapa," akasema. Mpango wa mkoa ulianza 1983: kufukia sehemu ya bandari, mwishoni kiasi cha hekta mbili, na kupitisha barabara juu ya daraja la kama mita 180 mbele ya joyato. Sababu haikuwa ya kipuuzi. Barabara ya ndani ya mji ina upana wa kupita gari moja. Magari mawili yakikutana, mmoja anarudi nyuma mpaka kwenye uwazi wa mlango wa mtu. Wakazi wengi walilitaka daraja. Wengine walilipinga, wakiwemo wengi waliokuwa jirani zao, na kwa miaka karibu 30 mji mdogo ukakatika vipande viwili. Ndugu hawakualikana harusini. Mzee alikuwa upande wa kupinga, na duka lililo jirani yake halikumuuzia soya kwa muda. Alilisema hilo kwa huzuni, bila kinyongo.

Mwaka 2007 wakazi zaidi ya 150 walifungua kesi. Tarehe 1 Oktoba 2009 mahakama ya wilaya ya Hiroshima iliamua kwamba ruhusa ya kufukia isitolewe, kwa kuwa mandhari ya bandari hii ni mali ya umma yenye thamani ambayo ikiharibiwa hairudi. Haikuwahi kutokea Japani mahakama kuzuia ujenzi wa serikali kabla haujaanza kwa sababu ya mandhari. Mkoa ukakata rufaa. Mwaka 2012 gavana akatangaza kuachana na daraja na kupitisha barabara ndani ya mlima nyuma ya mji, na 2016 kesi ikafungwa rasmi. Mwaka 2017 mji ukaingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya majengo ya kihistoria, na 2018 ukaitwa Urithi wa Japani. Leo handaki lipo, na gari lisilo na shughuli mjini halina haja ya kuingia.

Nikamuuliza kwa nini haya hayasemi kwenye matembezi. Akafikiri kwa muda mrefu. Akasema anaogopa kuwaumiza tena walioshindwa, kwani bado wanaishi hapa na wanamsikia akipita.

Namwelewa. Lakini nimekaa usiku huu na daftari hili na naamini kinyume chake, na nitamwambia. Siku zote hizi thamani ya matembezi yake imekuwa katika ukweli kwamba hapambi. Ameonyesha kamba katika jiwe, ndoo chini ya Taichoro, bunduki zisizopatikana. Bandari hii haikubaki kwa sababu ni nzuri. Reli ilipofika Fukuyama mwaka 1891 na meli za moshi zikaacha kungojea maji, fedha iliondoka Tomo, na mji maskini hauvunji wala haujengi. Kisha, ulipoanza kuweza, watu walibishana kwa uchungu mkubwa nini kibaki na nini kiende. Mgeni asipoambiwa hili anadhani mji umejihifadhi wenyewe, na kwamba kuhifadhi hakumgharimu mtu. Waliolipa gharama ile ni pamoja na waliotaka barabara.

Nimekumbuka mwanamke wa nebuto. Karibu nusu ya wakazi wa hapa wamepita miaka 65, na yeye ni mmoja wao.

Jumanne, 20 Mei

Maji yanaelekea kuwa mafu, bandari haikauki tena. Asubuhi nilikwenda kibandani na kumwomba bibi wa nebuto anitembeze mji wake, ule wa mtu wa daraja. Alinitazama kwa muda, akafuta mikono, akachukua mkokoteni wake wa sokoni.

Njia yake haipiti joyato. Ilianzia kituo cha basi, ikaingia barabara kuu ya ndani, ile nyembamba. Akanionyesha vibaraza vya mbao vilivyochubuliwa na vioo vya magari kwa kimo kile kile, nyumba baada ya nyumba. Akanionyesha kona yenye nguzo ya chuma. Nguzo imepigwa rangi mara nyingi na bado inaonyesha mabonde. Hapa ndipo mumewe alipopooza upande mmoja, usiku wa manane, na gari la wagonjwa likashindwa kukata kona kwa sababu lori la samaki lilikuwa limesimama mbele. Wakambeba kwa machela kwa miguu mpaka barabara ya nje. Alipona nusu, akaishi miaka kadhaa mingine. Hajui kama dakika zile zingebadili kitu. Anasema hajawahi kumlaumu mtu.

Halafu nyumba tupu. Milango imefungwa kwa mbao, mzabibu wa mwitu umepanda paa. Watoto wa nyumba hizo wako Fukuyama na Osaka, kwenye nyumba zenye mahali pa kuegesha gari. Mmoja wao ni mwanawe. Mji huu ulikuwa na zaidi ya watu 10,000 alipokuwa msichana, sasa hawafiki nusu ya hao. Nyumba chache zimenunuliwa na vijana wa nje wanaozigeuza mikahawa na nyumba za wageni, na yeye hana neno baya juu yao. Wanampigia simu kukiwa na tufani kumuuliza kama yuko salama.

"Mimi sikuichukia bandari," alisema tulipofika mwisho wa kichochoro, mahali ambapo ukuta mweupe unafunguka ghafla kwenye maji. "Nimeosha nyavu kwenye zile ngazi miaka yote. Nilitaka tu mtu aweze kuzeeka hapa." Handaki analiona ni jema. Limepunguza magari ya kupita. Lakini kona ile ni ile ile, na mabomba ya maji machafu chini ya barabara ni yale yale.

Mchana nilimpelekea mzee yote niliyoandika jana na leo, nikayasoma kwa sauti, kwa Kijapani changu kilichojaa vishimo. Alisikiliza amefumba macho. Akaniambia kwamba kwa miaka yote ya kuongoza wageni, akitoka Taichoro hukata kushoto kabla ya kona ile, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Kesho ana kundi la walimu wa shule kutoka Okayama. Atakata kulia.

Tukaenda kibandani pamoja. Sidhani walikuwa wamewahi kuongea zaidi ya salamu tangu siku za kesi. Mzee alivua kofia na kumwomba bibi, kwa lugha ya heshima ambayo sikuwa nimeisikia kinywani mwake, awe naye pale kwenye kona kesho, aseme mwenyewe lililotokea, au asiseme lolote kama hapendi, awepo tu. Bibi aliendelea kukata samaki. Mwisho akauliza wanafika saa ngapi. Mzee akasema saa nne.

"Waje saa tatu," akasema bibi. "Saa tatu ndiyo linapita lori la mizigo na basi linatoka upande wa pili. Saa nne kumeshatulia, watasimama pale na hawataona kitu."